Bibi Haazimwi

Sura ya nne ilikataliwa Jumatatu mchana, na tatizo lilikuwa punda.

Msimamizi wake wa tasnifu pale chuoni alimrudishia Mwalimu karatasi zake akiwa amezishika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa mende kwenye sukari. Mwalimu alizipokea akiwa amesimama. Alikuwa ametoka darasani moja kwa moja, chaki bado imejaa kwenye kucha. Asubuhi alifundisha darasa la tano, mchana akawa mwanafunzi wa historia, na katikati ya hayo mawili hapakuwa na nafasi ya kunawa.

"Unasema hapakuwa na punda," msimamizi alisema.

"Hapakuwa na punda, Profesa."

"Mji mzima unajua palikuwa na punda."

Na kweli mji mzima ulijua. Bwawa lililounywesha mji lilikaa juu ya kilima, na kila mtoto aliyezaliwa chini yake alifundishwa kwamba mawe ya ukuta ule yalipandishwa na punda arobaini. Langoni pa bwawa palisimama sanamu ya punda wa shaba, mgongo unang'aa kwa kukaliwa na watoto wa vizazi vitatu. Timu ya mpira iliitwa Punda, na siku ikishinda mashabiki walipita mitaani wakilia kama punda, mpaka wagonjwa hospitalini wakawa wanaiombea ifungwe. Mwalimu mwenyewe alikuwa amesahihisha michoro ya punda kwa miaka mingi, na hakuwa bahili wa alama kwa mtoto aliyekumbuka masikio.

Shida ilianza pale alipotaka kujua wale punda walikuwa wanakula nini.

Lilikuwa swali dogo tu. Alitaka kuichangamsha sura ya nne kwa habari za majani na mazizi, basi akaenda maktaba kuu. Maktaba ilikuwa na feni tatu, mbili zikizunguka, na meza ndefu zilizochongwa majina ya wapenzi walioachana zamani. Mkutubi wake aliitwa Bwana Kimya. Jina hilo alilipata kwa sababu ndilo neno alilolitumia zaidi, tena kwa sauti iliyotikisa vioo vya madirisha.

"Natafuta vitabu vya bwawa," Mwalimu alimwambia.

"Ngoja nikuanulie," alisema Bwana Kimya.

Vitabu vya bwawa vilikuwa haviishi unyevu. Kila asubuhi Bwana Kimya alivikamua juu ya ndoo, akavining'iniza dirishani kwa vibanio vya nguo, na kila jioni akavirudisha rafuni vikiwa angalau vinafunguka. Maji aliyoyakamua alimwagilia maua ya mlangoni. Maua yalistawi sana.

Mwalimu alisoma kitabu cha kwanza. Kilisema punda arobaini, na kikataja kitabu cha pili kama ushahidi. Kitabu cha pili kilisema punda arobaini na kikataja cha tatu. Cha tatu kilisema punda arobaini, tena hodari, na kikataja toleo jipya la cha kwanza. Alivipanga mezani mduara, kila kimoja kikimwelekezea kidole mwenzake, akavitazama kama anavyotazama wanafunzi watatu waliovunja dirisha.

Akaomba picha. Bwana Kimya alimletea picha moja kubwa ya siku za ujenzi. Ilionyesha kilima, njia ya vumbi, na mawe makubwa yakipanda mlima yenyewe, moja nyuma ya jingine, usawa wa kichwa cha mtu. Chini ya mawe hapakuwa na kitu. Chini ya picha paliandikwa: Punda Kazini.

"Punda wako wapi hapa?" Mwalimu aliuliza.

Bwana Kimya aliinamia picha, miwani ikamteleza puani. "Watakuwa nje ya picha."

Akaenda rafu ya mifugo. Palikuwa na kuku, mbuzi, nyuki, ng'ombe wa maziwa na sungura. Kuhusu punda wa bwawa hapakuwa na daktari aliyewatibu, wala fundi aliyewashonea matandiko, wala mtu aliyewakatia majani. Akafungua magazeti ya mwaka ule, yaliyojaladiwa pamoja mpaka yakawa mazito kama mlango. Watu wa mji waliliandikia gazeti kulalamikia jogoo wa jirani, moshi wa jirani, na kikohozi cha jirani.

"Bwana Kimya, punda arobaini wapite mjini kutwa mara kadhaa, asitokee hata mtu mmoja wa kulalamikia mavi?"

"Haiwezekani," alisema Bwana Kimya. "Watu wa mji huu mvua ikinyesha kwa jirani, wanashtaki."

Jioni ile Mwalimu alirudi nyumbani akiwa kimya, jambo ambalo nyumbani kwao halikuwa rahisi. Aliishi na mama yake, na bibi yake alikuwa anakuja. Bibi alikuwa amefariki miaka minane nyuma na tangu hapo alikuwa hajakosa siku. Alifika alasiri kwa mlango wa uani, kwa sababu mlango wa mbele hakuupenda hata alipokuwa hai, akakaa jikoni juu ya ndoo iliyopinduliwa, akabishana na binti yake kuhusu chumvi. Hakula, lakini alionja kwa kutazama. Giza likishaingia vizuri aliaga na kwenda zake, na Mama alifunga mlango nyuma yake akisema, "Kesho usichelewe."

"Mbona umenuna, mke mwenzangu?" Bibi alimuuliza. Ndivyo alivyomwita Mwalimu tangu akiwa mtoto, kwa kuwa babu alikuwa akimwita mke wangu, na Bibi hakutaka kuachwa nyuma katika utani.

"Bibi, nadhani hapakuwa na punda bwawani."

Bibi alicheka mpaka kilemba kikamwangukia magotini. "Walikuwepo! Wawili. Waliletwa asubuhi, wakakitazama kile kilima, wakalala chini. Wakapigwa, wakasemeshwa, wakaimbiwa. Wapi! Wale ndio pekee waliokuwa na akili pale."

"Sasa mawe nani aliyapandisha?"

"Umekaa naye," alisema Bibi. "Tulikuwa wanawake arobaini. Bwana mkubwa wa ujenzi alikuwa na kibali cha punda, cha wanawake hakuwa nacho. Basi akaona badala ya kuhangaika na kibali, atatuandika hivyo hivyo. Asubuhi tunaitwa, Punda wa Kwanza, naam. Punda wa Pili, naam. Mimi nilikuwa wa Kumi na Saba. Mwenzangu Kijiko alikuwa wa Kumi na Nane, naye alikuwa akiitikia kwa kulia kama punda kabisa, tukacheka mpaka tukakemewa."

Mama alikuwa ameacha kukoroga. "Wewe mama, miaka yote hii hukuwahi kusema."

"Nani aliniuliza? Wewe uliniuliza chumvi tu."

Mwalimu aliandika sura ya nne siku zilizofuata, Bibi akisimulia na Mama akimkatiza. Ikawa sura nzuri kuliko zote. Chini, pale pa kutaja chanzo, aliandika kwa uaminifu: Bibi, jikoni. Na hapo ndipo tulipoanzia, Jumatatu mchana, msimamizi akiwa na karatasi kwa vidole viwili.

"Huyu Bibi, jikoni," msimamizi alisema. "Amefariki?"

"Amefariki, Profesa."

"Hilo siyo tatizo. Vyanzo vyangu vingi vimekufa, na ndivyo ninavyoviamini zaidi, havibadilishi maneno. Tatizo hana namba ya rafu. Mtu akitaka kuhakiki, aende wapi? Aje jikoni kwenu?"

"Anakaribishwa."

"Mwalimu, usinichekeshe. Mwisho wa mwezi nataka chanzo chenye namba, au sura ya nne itoke."

Sura ya nne ikitoka hapakuwa na tasnifu. Sura tatu za kwanza zilikuwa za kubisha hodi tu. Na ikitoka, Bibi angebaki punda, safari hii kwa mkono wa mjukuu wake mwenyewe. Hilo Mwalimu hakuliweza.

Bwana Kimya ndiye aliyemfungua macho. Wakati huo alikuwa juu ya ngazi akizibua mfereji wa maji kwenye rafu ya bwawa.

"Mbona kazi ndogo hiyo?" alisema kutoka juu. "Chochote kinachopita mezani kwa Mama Gundi, mwandikishaji wetu, kikatoka na namba, ni mali ya maktaba, na mali ya maktaba ni chanzo. Mwaka jana alikipa namba kiatu cha meya wa zamani. Watu wanakinukuu."

Nyumbani, Bibi alilipokea jambo hilo vizuri. Alisema hajawahi kuingia maktaba, na angependa kuona watu wazima waliokaa kimya. Mama ndiye aliyekunja uso.

"Mnakwenda kumfanya nini huko?"

"Anaandikishwa tu, Mama. Kama mtoto wa shule."

"Mtoto wa shule anarudi nyumbani saa ngapi?"

"Saa ya kurudi, Mama. Usiwe na wasiwasi."

Waliondoka alasiri, Mwalimu na Bibi mkono kwa mkono. Majirani waliwasalimia. Fundi viatu wa pembeni ya barabara aliinua nyundo yake. "Shikamoo Bibi! Unaendeleaje na kufa?"

"Marahaba, baba. Nimeshazoea. Miguu haiumi."

"Heri yako!"

Mama Gundi alifanya kazi chini ya ngazi, katika chumba kisicho na dirisha, akiwa na sufuria ya gundi, brashi, mkasi, na makabati ya droo ndogo ndogo zilizojaa kadi. Alikuwa mwanamke mnyoofu aliyevaa aproni. Hakuna kitu kilichoingia maktaba bila kupita mikononi mwake, na watu walisema wakati wa arusi yake alimbandika namba bwana arusi.

"Keti, mama," alimwambia Bibi, akampima urefu kwa futi ya kamba, akamzungusha, akaandika: hali nzuri, pindo limechakaa, mgongo imara. "Lugha?"

"Zote za matusi, na moja ya kawaida," alisema Bibi.

"Mwaka wa kutoka?"

"Wa kuzaliwa au wa kufa?"

"Toleo la kwanza."

"Wa kuzaliwa siujui. Kulikuwa na nzige."

Mama Gundi aliandika: Mwaka wa nzige. Hakutabasamu, lakini aliandika kwa mwandiko mzuri. "Mada?"

"Historia," Mwalimu alisema upesi. "Ujenzi wa bwawa. Wanawake waliobeba mawe."

Mama Gundi alivuta droo, akatembeza vidole juu ya kadi kama mtu anayechambua mchele. "Bwawa, ujenzi wa bwawa. Mawe, usafirishaji wa mawe. Hii hapa. Tazama: Punda." Akavuta droo nyingine. "Punda. Tazama: Mifugo."

"Lakini huyu ni mwanamke."

"Sibishi, mwanangu. Namwona. Lakini mada ya usafirishaji wa mawe ipo tayari, na ipo kwenye mifugo. Nikifungua mada mpya kwa ajili ya mtu mmoja, kesho kila mtu atakuja anataka ya kwake. Mwisho wa yote tutakuwa na mada nyingi kama watu."

Mwalimu alifungua kinywa, na Bibi akamfinya paja. "Acha. Mara ya kwanza walinipa namba nikiwa nimesimama juani. Safari hii nina kiti."

Mama Gundi alimpaka gundi kisogoni, chini kidogo ya kilemba, akabandika namba. Ilikuwa kati ya mbuzi na nyuki. Kisha akachukua kalamu tena. "Mna nakala ngapi?"

Hapo Mwalimu aliteleza, na aliteleza kwa mapenzi. Alimtazama Bibi aliyekaa wima na namba yake mpya, mikono ile iliyobeba ukuta mzima imepumzika magotini, na moyo ukamjaa.

"Bibi yangu ni mmoja tu," alisema. "Hakuna mwingine kama yeye."

"Vizuri," alisema Mama Gundi. Akalamba kibandiko chekundu, akakibandika pembeni ya namba, akakikandamiza kwa kidole gumba mpaka kikashika.

Hawakuuliza maana yake. Walipanda ngazi wakicheka, na Bibi akatembezwa maktaba nzima. Alisifu feni mbili na kuilaumu ya tatu. Alisimama mbele ya ile picha kubwa, akaweka kidole chini ya jiwe moja. "Mimi nipo hapa," alisema. "Na hili la nyuma yangu, linaloyumba, ni Kijiko. Alikuwa anacheka."

Kengele ya kufunga ilipolia walielekea mlangoni. Mwalimu alitoka nje. Bibi naye alitoka, ila alipovuka kizingiti alijikuta anaingia. Akageuka, akatoka tena, akaingia tena. Mara ya tatu alibeba viatu mkononi, akidhani labda tatizo ni viatu. Akaingia tena, pekupeku.

Bwana Kimya alikuja na funguo, akamgeuza Bibi kwa heshima, akatazama kisogo. "Ana kibandiko chekundu," alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya chini. "Nakala pekee. Nakala pekee haiazimwi, Mwalimu. Haitoki nje ya jengo."

"Hakuna mlango wa uani?" aliuliza Bibi.

Walijaribu mlango wa nyuma, wa jikoni kwa wafanyakazi, na dirisha la choo. Kote Bibi alitoka akiingia. Walimkuta Mama Gundi akivua aproni.

"Kukitoa naweza," alisema. "Lakini vimeshikana. Kikitoka chekundu, namba inatoka nacho, na bila namba hajawahi kupita hapa."

"Na sura yangu?"

"Sura yako itakuwa inamnukuu nani, sasa?"

Mwalimu alikaa chini kwenye ngazi. Bibi alikaa pembeni yake. Juu yao Bwana Kimya alizima taa moja moja, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Tukitoe twende nyumbani, Bibi. Mama anasubiri."

"Na hao mapunda?"

"Waache."

"Nimewaacha maisha yangu yote," Bibi alisema. "Nimewaacha nikiwa hai na nikiwa maiti. Wewe unataka nini? Sema wewe, siyo huruma yako."

 Mwalimu alisema anataka sura ya nne. Alilisema akitazama sakafu, na Bibi akampigapiga mgongoni kama mtu anayecheusha mtoto.

"Haya. Mwambie mama yako nimepata kazi ya kukaa."

Kumwambia Mama kulikuwa kazi nyingine. Alikuwa amesimama mlango wa uani, mwiko mkononi, na chakula kimeiva.

"Yuko wapi?"

"Haazimwi, Mama."

"Haazimwi! Kwani yeye ni sufuria?" Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele. Alirudi jikoni, akaipindua ile ndoo, akaijaza maji, akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. "Ulimsifia," alisema baadaye, mgongo umegeuka. "Miaka yote nakwambia, ukiwa mbele ya mtu mwenye kalamu, usimsifie mtu wako."

Mwalimu alijaribu kurekebisha. Kama nakala pekee haitoki, basi inatafutwa nakala ya pili. Alimwendea Kijiko, aliyekuwa marehemu naye, ambaye alasiri zake alizimalizia kwa wajukuu zake mafundi cherehani, akiwatungia nyuzi kwenye sindano. Kijiko alimsikiliza akitunga sindano ya tatu.

"Kwa hiyo nikapigwe gundi kisogoni, niwekwe na mbuzi, nisirudi kwa wajukuu?"

"Lakini utajulikana, Bibi. Jina lako litaandikwa."

"Mwanangu, mimi ni punda mwenye kwao," alisema Kijiko. "Msalimie Kumi na Saba. Mwambie mimi bado nacheka." Akalia kama punda, na wajukuu wote wakaanguka juu ya cherehani kwa kicheko, na Mwalimu naye akacheka, maana kilikuwa kilio kamili chenye mwanzo na mwisho. Hata hivyo Mama Gundi alimwambia baadaye kwamba isingesaidia. Kijiko angekuwa kazi nyingine, siyo nakala, na angebandikwa chekundu chake mwenyewe.

Msimamizi alikuja maktaba kuhakiki. Alijaza fomu ya maombi, akasubiri, na Bwana Kimya akamletea Bibi mpaka mezani. Msimamizi aliwasha taa ya kusomea, akavaa glavu nyeupe, akamsikiliza kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mara mbili alimwomba asitikise mikono, kwa sababu alikuwa ananukuu. Mara moja alicheka, kwenye wale punda wawili walioimbiwa. Alipomaliza alikiangalia kisogo, akalinganisha namba na ile iliyokuwa kwenye sura ya nne, akaitikia kwa kichwa.

"Chanzo safi," alimwambia Mwalimu. "Unaona sasa? Ndicho nilichokuwa nakitaka."

"Kwa hiyo hapakuwa na punda, Profesa?"

"Sasa hilo," alisema msimamizi, akivua glavu kidole kimoja kimoja, "ni jambo ambalo vyanzo vinatofautiana juu yake."

Tasnifu ilipita. Jopo la wasahihishaji liliisifu kwa umoja, likadai sahihisho moja tu: mwanzoni mwa sura ya nne iandikwe kwamba neno wanawake limetumika kwa maana ya punda, kama ilivyo katika vyanzo vikuu, ili kutowachanganya wasomaji. Mwalimu aligoma kwa wiki nzima. Kisha akaandika, kwa herufi ndogo kadiri mashine ilivyoruhusu. Mama Gundi aliipokea nakala ya maktaba, akaifungua ukurasa wa kwanza wa sura ya nne, akaona imeandikwa punda, akaipeleka kwenye mifugo bila kusumbuka na droo.

Mwaka ule ule bwawa lilitimiza umri wa kusherehekewa. Sanamu ilisuguliwa. Watoto wa darasa la tano waliimba wimbo wa punda arobaini, na kwa kuwa mwalimu wao alikataa kuwafundisha, walifundishwa na wa darasa la nne. Timu ya mpira ilishinda. Watu walilia barabarani mpaka usiku.

Bibi hakuonekana kuumia. Maktaba ilimkubali kama nyumba inavyomkubali mgeni anayejua kuosha vyombo. Wanafunzi walimjazia fomu kutoka vyuo vya mbali, wengine wakija kwa ajili ya bwawa, wengine wakija kwa ajili ya mbuzi na kukosea kwa kitabu kimoja, na wote waliondoka wameshiba maneno. Alimfokea Bwana Kimya kwa kupiga kelele, naye akajirekebisha mpaka watu wakashindwa kumtambua. Hakuwahi kwenda shule; sasa alikaa na watoto wadogo kwenye zulia la kona ya hadithi, akijifunza herufi. Alikwama kwenye R kwa muda, akaitukana kwa lugha zake zote, akaivuka. Siku alipoweza kuisoma namba yake mwenyewe kwa kutumia vioo viwili, alikaa nayo sana.

"Mbuzi huku, nyuki huku," alimwambia Mwalimu. "Majirani wazuri. Mmoja ana maziwa, mwingine ana asali. Nimewahi kukaa pabaya zaidi."

Basi hesabu yake ni hii. Mwalimu alipata shahada moja, na imetundikwa ukutani. Bibi alipata kiti, namba, na herufi zote isipokuwa X, ambayo alisema haimhusu. Wanawake thelathini na tisa wamebaki punda. Mama yake Mwalimu alipata kadi ya msomaji yenye picha yake. Anakwenda siku za kazi, kwa sababu Jumapili na sikukuu maktaba hufungwa. Anaacha mkoba mlangoni, na chakula pia. Anajaza fomu, anapanga foleni na wanafunzi, na zamu yake ikifika anapewa nusu saa kama msomaji mwingine yeyote. Wanabishana kwa kunong'ona. Akitaka kumshika mama yake mkono, anavaa glavu.